Sendofu ya Rebeka Haijaisha

Utemini, Singida
Jumanne, mwezi wa saba

Mama yangu,

Shikamoo mama. Ipokee shikamoo hii kama vile nimeingia uani nimevua kofia, maana mwili uko Utemini lakini moyo uko hapo Mkiwa tangu wiki iliyopita. Habari za hapo? Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wetu Bonifasi ilikufikia, au ilizunguka na lori mpaka ikaisha? Na yule kuku mwekundu anayepigana na kila mtu, bado yupo au mmeshamla? Huku tuko wazima. Sara anakusalimu, watoto wanakwenda shule, na upepo wa mwezi huu unatutia vumbi mpaka kwenye chai. Midomo imetupasuka wote, tunacheka kwa tahadhari.

Najua umeigeuza bahasha hii huku na huku kabla ya kuifungua, ukijiuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa, mama. Nimeandika kwa sababu nikikupigia utaijua sauti yangu kabla sijamaliza kusalimia, na mimi nataka usikie jambo lote kwanza ndipo ujue. Tena nakuomba usome mwenyewe kwa miwani yako. Usimpe Yunisi akusomee. Yule mdogo wangu nampenda, lakini karatasi hii akiishika ataipiga picha, na kabla hujala chakula cha mchana itakuwa imefika Manyoni. Bahasha nimeifunga kwa gundi halafu nikapitisha utepe juu yake. Ukiona utepe umeguswa, Bonifasi aniambie vizuri alipitia wapi.

Unacheka, nakuona. Unasema Peniel na mashaka yake. Ni kweli, na hata hiyo ndiyo habari yenyewe. Wewe huwaambia watu kwamba mwanao ni fundi wa kompyuta pale kiwandani, na mimi sijawahi kukusahihisha. Lakini kazi yangu hasa ni ulinzi. Mimi ndiye mkuu wa kitengo cha kompyuta katika kiwanda hiki cha mafuta ya alizeti, na taarifa yoyote ya kiwanda inayotembea, iwe bei, iwe njia ya lori, iwe jina la mkulima, inatakiwa ipite mkononi mwangu. Mtu wa kazi hiyo asipokuwa na mashaka, hana kazi.

Unaukumbuka Mfumo. Utausahauje, wewe ndiye uliyekuwa mkulima wa kwanza kusajiliwa siku ya uzinduzi. Ulivaa kitenge cha umoja wa wanawake, ukashika kile kishikwambi kwa mikono miwili, ukapigwa picha. Picha ile iko mapokezi mpaka leo, na kila mgeni akija meneja wetu, Bwana Stanley, humsimamisha pale na kumwambia kwamba mama huyu yuko Mkiwa shambani kwake na anaongea na kiwanda kwa kidole. Nilijivuna, mama. Makarani wetu wa kununua mbegu wakapewa vishikwambi kila kituo, na wakulima viongozi kama wewe mkapewa vyenu. Kila mwenye mbegu anajaza visanduku, kiwanda kinaona, lori linapangwa. Hakuna kelele, hakuna kupigiana simu.

Basi msimu huu ulipoanza, ofisini kwangu kukawa kimya. Hakuna aliyekuja kulalamika kwamba nywila imemkataa. Hakuna aliyerudisha kishikwambi kilichozimika. Mwingine angemshukuru Mungu akanywa chai yake. Mimi nikaanza kukosa usingizi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba watoto wakinyamaza chumba cha pili, mtu mzima anyanyuke akaangalie. Nikanyanyuka. Nikachungulia Mfumo, nikaona taarifa za vituo vyote zinaingia Jumamosi kwa pamoja, safi, hazina kosa, kama mtu amekaa mahali anazinakili kutoka sehemu nyingine. Nikajiuliza, sehemu gani?

Nikaanza kuangalia watu. Ukipita idara ya ununuzi unakuta vichwa vimeinama kwenye simu zao wenyewe, zile za mfukoni, wanasikiliza kitu na kucheka. Nikiingia, simu zinalala kifudifudi mezani. Nikiuliza kuna nini, najibiwa kwamba ni mambo ya sendofu ya Rebeka. Sasa Rebeka ni huyo karani wetu wa kituo cha hapo Mkiwa, binti wa jirani yako, na wewe mwenyewe ulitoa mbuzi siku anaagwa kwao. Aliolewa mwaka jana! Mtoto wake anakaa mwenyewe sasa hivi. Kamati gani ya kumuaga bibi harusi inaendelea kukutana wakati bibi harusi ananyonyesha? Kundi hilo la kamati nalikumbuka. Na mimi niliingizwa kwenye simu yangu wakati ule, nikatoa mchango wangu, nikajitoa siku hiyo hiyo. Sikutaka kuchanganya kazi na vigelegele.

Wakati huo huo likazuka jambo la malori. Kuna kiwanda kingine, sitakitaja, msimu huu kikaanza kutuwahi. Tukipanga lori letu lipite kijiji fulani asubuhi, la kwao linafika alfajiri, linaongeza bei kidogo, linaondoka na magunia. Mara moja ni bahati. Ikawa ndiyo desturi. Bwana Stanley akaniita, akafunga mlango, akaniuliza ni nani anayewaambia. Akasema tukiendelea hivi, wenye kiwanda watafunga vituo vya kusini, na cha kwanza kitakuwa hicho cha Mkiwa. Mama, nilifurahi kuulizwa. Nakwambia ukweli. Nilikuwa nimekaa na jibu langu mfukoni muda mrefu nikisubiri mtu aniulize.

Jibu langu lilikuwa Jesca. Unamfahamu, ni mkuu wa ununuzi, yule mrefu anayeimba sauti ya pili kanisani kwetu, tunakaa naye mtaa mmoja. Msimu uliopita alikuja ofisini kwangu mara kwa mara akiomba niwaruhusu makarani watumie simu zao. Alisema wakulima hawapendi kuandika, wanapenda kusema. Alisema kishikwambi kikikosa mtandao kinapoteza kila alichojaza mtu, wakati simu ya mfukoni inatunza ujumbe mpaka mtandao urudi. Alisema watu wameshazoea vitu vyao nyumbani, na kazini wanataka vilevile. Kila mara nilimjibu kwamba usalama haujadiliwi. Mwisho akaacha kuja. Nami nikajiambia, mtu aliyekuwa anaomba kwa nguvu vile akiacha ghafla, ameshapata alichokuwa anataka kwa mlango mwingine.

Kwanza nikapiga marufuku simu. Nikaweka sanduku la mbao getini, kila anayeingia kazini atumbukize simu yake kwa mlinzi. Ee mama, sanduku lile! Lilikuwa linaimba kutwa. Pambio, kaswida, bongo fleva, jogoo anawika, mtoto anacheka, vyote kwa pamoja. Mlinzi alikuja kuniomba ahamishiwe zamu ya kulinda makaa. Nilimwambia avumilie, huo ndio mlio wa siri zikikosa pa kutokea. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu, na kuona nimesema neno la maana.

Wiki hiyo hiyo lori letu likaenda Mkiwa likarudi tupu. Likaenda Ikungi, likarudi na magunia ya kuhesabu kwa vidole. Wakulima hawakuwa barabarani, na wale waliokuwepo walisema hawakupata habari. Nikafungua Mfumo kuangalia kulikoni, nikakuta hauna kitu, mweupe pe. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini. Mimi nikasema ni hujuma. Nikasema wanafanya makusudi ili nionekane sifai. Nikaandika taarifa, nikataja jina la Jesca, na juu kabisa nikaweka ile methali, kikulacho ki nguoni mwako. Jesca akasimamishwa kazi kupisha uchunguzi, na taarifa yangu imepangwa kusomwa kikao cha wakurugenzi Ijumaa hii, ndipo waamue kumfukuza au la.

Hapa nyumbani hali ikawa mbaya. Jesca na Sara wanasuka pamoja, wanaimba pamoja, watoto wao wanakwenda shule wameshikana mikono. Sara hakugombana nami, na hilo ndilo lililonitisha. Alipakua chakula akaniambia tu kwamba anaogopa kuweka chumvi, maana nitataka kujua nani ameitia na ametumwa na nani. Kisha akaniambia kwamba Jesca akifukuzwa kwa jina la wizi, mji huu hautampa kazi nyingine, na kwamba nikitembea mtaani nijue natembea mbele ya watoto wake. Hata kanisani Jumapili sauti ya pili ilipwaya, na watu wakageuka kuniangalia mimi.

Jumatatu ya wiki iliyopita Jesca alikuja ofisini kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana, nikaacha mlango wazi ili wawepo mashahidi. Hakunitukana. Aliweka simu yake mezani, akaniambia namba ya kuifungulia, akasema kamati ya Rebeka yote imo humo, maandishi na sauti, tangu mwanzo. Akasema hana ombi jingine ila moja, kwamba nisikilize mpaka mwisho na nisirukeruke. Nilipomuuliza kwa nini hakuionyesha mapema, alisema angemwonyesha nani, wakati mimi nilikuwa natafuta mwizi na sikuwa natafuta habari. Akaondoka kwa miguu.

Nikasikiliza. Mwanzoni ni harusi kweli. Rangi ya vitambaa, nani atapika pilau, nani ataleta mbuzi, ubishi wa keki. Mshereheshaji alikuwa Festo, yule kijana wa mizani aliyekuwa anachekesha watu. Harusi ikapita, watu wakapongezana, na kama kawaida yetu hakuna aliyefunga kundi, maana kufunga kamati ni kama kusema ndoa nayo imefungwa. Halafu siku moja ikanyesha mvua isiyo ya wakati wake. Rebeka alikuwa kituoni na magunia nje, kishikwambi kimezima, akachukua simu yake akalia kwenye kundi la sendofu yake kwamba jamani mbegu zinalowa. Jesca akasikia, akageuza lori lililokuwa njiani, mbegu zikapona. Ndiyo ikawa mara ya kwanza. Keshoye karani mwingine akauliza bei humo humo. Wakaingizwa wakulima, huyu kama shangazi wa bibi harusi, yule kama mjomba. Kidogo kidogo kiwanda kizima kikahamia kwenye kamati ya harusi, na Jumamosi Jesca akawa anakaa peke yake ananakili yote kwenye Mfumo ili mimi nisiumie. Ndizo zile taarifa safi zilizonitia mashaka.

Na mwizi alikuwepo, mama, usidhani nilikuwa naota. Nilipoangalia waliomo kwenye kundi nilimkuta Festo. Festo aliacha kazi kwetu wakati wa kiangazi kilichopita, akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda kile cha wenzetu. Siku aliyorudisha kitambulisho nilimfungia nywila yake ya Mfumo saa hiyo hiyo, nikajisifu. Kumbe nilimfungia mlango wa nyumba ambayo hakuna aliyekuwa anaishi. Kwenye sendofu alibaki. Hakusema neno, alikuwa anasoma tu. Kila Jesca akitangaza lori litapita wapi, Festo anasoma pamoja na mashangazi. Nilipomuuliza Rebeka kwa nini hawakumtoa, alishtuka sana. Aliniuliza nani anaweza kumtoa mshereheshaji kwenye kamati yake, si itakuwa kumtukana na yeye ndiye aliyemuingiza ukumbini?

Hata hapo sikuamini moja kwa moja, unanijua. Niliomba ruhusa kwa Jesca, tukawapigia wakulima mmoja mmoja kuwaonya, wewe Rebeka akakuonya bila kunitaja, kisha nikaandika kwenye kundi kwa simu yake kwamba kesho lori letu linapanda Sekenke kuchukua mbegu nyingi machimboni. Halafu nikampigia Hezekia, mtoto wa mjomba, anayechimba dhahabu kule, nikamwambia akae macho. Asubuhi akanitumia picha. Lori la wenzetu limesimama katikati ya mashimo, na Festo amening'inia mlangoni anawauliza wachimbaji alizeti iko wapi. Hezekia anasema walimwambia huku tunakamua mawe, kama anaweza asubiri mafuta yatoke. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akaja kuangalia. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu picha ile ilikuja kwenye simu yangu ya mfukoni.

Mpaka hapo ungedhani mambo yamekwisha. Mwizi amejulikana, Jesca hana kosa, nafuta taarifa yangu na kumwomba radhi. Ndivyo nilivyopaswa kufanya siku ile ile. Sikufanya. Zimepita siku, na sijamwambia Bwana Stanley neno lolote, na Jesca bado yuko nyumbani. Mama, kuna kitu nimekiruka. Jesca aliniomba nisirukeruke, nami kwako nimeruka.

Kwenye sauti zile ulikuwemo wewe.

Nilikujua kabla hujamaliza kukohoa. Ulikuwa unaongea na Rebeka kwa Kinyaturu, unamwambia una magunia yamekauka vizuri na lori lisichelewe. Nikatabasamu, nikasema mama naye yumo. Halafu ukaendelea. Ulimwambia kwamba kile kishikwambi cha Peniel umekifunga kwenye kanga na kukiweka chini ya kitanda tangu msimu ule wa kwanza. Ulisema kinakuuliza jina la kitongoji, ukikipa kinasema hakipo, na wewe umezaliwa humo. Ulisema wewe si mjinga, umelea watoto na umeongoza kikundi cha akina mama, lakini kile kitu kinakufanya ujione mjinga, na kwa umri wako huna muda huo. Kisha ukashusha sauti. Ukasema Peniel asiambiwe. Ukasema tangu mdogo ukimwambia kitu chake hakifai analala bila kula. Ukasema kila Jumapili akipiga simu baada ya ibada kuuliza Mfumo unaendaje, utamwambia unakwenda vizuri, kwani inakugharimu nini, na kwamba watu wote kwenye kundi wamuonee huruma hivyo hivyo.

Na wote wakaitikia, mama. Makarani, madereva, mashangazi, wote. Mmoja baada ya mwingine wakasema sawa mama Peniel. Kiwanda kizima kilikubaliana kunionea huruma kwenye sendofu ya Rebeka.

Sikiliza, sina hasira. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, halafu nikakasirika, halafu hasira ikakosa pa kukaa. Mimi ninayemshuku kila mtu, ninayebandika utepe kwenye bahasha, mtu mmoja tu duniani sikuwahi kumshuku. Kila Jumapili uliniambia unakwenda vizuri mwanangu, Mungu akubariki, na kila Jumatatu nilimpelekea Bwana Stanley neno hilo kama ushahidi kwamba wakulima wanaupenda Mfumo. Jesca alipokuja kusema wakulima hawauwezi, nilimwonyesha picha yako ukutani. Nilimwambia kama mama yangu anaweza, nani hawezi?

Sasa nakuungamia lililonifanya niandike. Kumtetea Jesca kwa neno tupu hakutatosha. Wakurugenzi watauliza, kwa nini alipeleka siri za kiwanda kwenye kamati ya harusi? Jibu ni moja, kwamba mlango niliowajengea haukufunguka, na walipogonga sikuitika. Ushahidi wa jibu hilo ni sauti yako, kwa sababu ndiyo sauti ya yule mama wa kwenye picha. Nikiipiga Ijumaa, Jesca anarudi kazini. Nikiipiga, huenda mimi ndiye nikaondoka. Nililijua hilo, mama, na nikashika ile simu ya Jesca na kidole changu kikakaa juu ya sauti yako. Kufuta ni kugusa tu. Nilitaka kuifuta. Nikiwa nimekaa hivyo ikaingia sauti mpya, yako tena, unawauliza watu kama kuna mwenye habari za Jesca, mbona hasikiki tangu tangazo lile la Sekenke, kama anaumwa wamwombee. Hukujua kwamba aliyemnyamazisha ni mwanao. Nikaweka simu chini, nikaifungia kabatini. Jana nimemrudishia mwenyewe mkononi, nimemwambia yote kama nilivyokuandikia, hata la kidole. Hakusema amenisamehe. Alisema atasubiri Ijumaa.

Nimeamua nitakalosema. Nitasema taarifa yangu ni ya uongo ingawa niliiandika kwa nia njema, na kwamba nia njema haimlishi Jesca. Nitasema lile sanduku la getini wampe mlinzi, kuku wake watagie humo. Nitasema watu wameshachagua wanachokiweza, wamekichagua nyumbani kwao, na kitengo changu hakina uwezo wa kuwarudisha nyuma, kinaweza tu kuwafuata na kuwalinda huko huko waliko. Kila kituo kipewe laini ya simu ya kiwanda, mkulima aseme kwa lugha yake, sisi vijana wa kompyuta ndio tuhangaike kujaza visanduku. Kuwe na kundi la kazi, tofauti na la harusi, lenye mlinzi, na mlinzi ni mimi, na anayeacha kazi anatoka siku hiyo hiyo bila mtu kuona ametukanwa. Bwana Stanley anaweza kuniuliza kama ni hivyo, wewe tulikuajiri ufanye nini siku zote hizi. Kama wakiniondoa, nitakuja hapo Mkiwa nilime, na mtanionea huruma uso kwa uso.

Lakini sauti ni yako. Sitaipiga mbele za watu bila wewe kuniruhusu. Ukikataa, nitasema mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba mama yangu amekifunga kishikwambi kwenye kanga, na wataamini wakitaka. Ukikubali, Jesca atakuwa na uhakika zaidi kuliko maneno yangu, maana maneno yangu Ijumaa hayatakuwa na bei.

Na kuanzia Jumapili hii nikikuuliza kitu changu kinaendaje, niambie. Nilale bila kula, si neno. Sara ataniwekea.

Nisalimie Yunisi, mwambie nampenda pamoja na picha zake. Msalimie mama yake Rebeka na mjukuu, na wote wanaoniulizia hapo barabarani. Chua goti kabla ya kulala, usingoje likaze. Hezekia naye anakusalimu, anasema akipata jiwe lenye mafuta atakuletea.

Mwanao asiyekusikiliza mapema,

Peniel

Nimesahau jambo moja. Ukishasoma, usinipigie. Jana nimemwomba Rebeka anirudishe kwenye sendofu yake, na amenirudisha. Walipoona jina langu wote wamenyamaza, hakuna aliyesema kitu tangu hapo, wananiogopa. Basi jibu lako litume humo humo, kwa sauti, kwa Kinyaturu, kabla ya Ijumaa, wasikie kwamba sasa najua. Festo bado yumo, hakuna aliyethubutu kumtoa. Na yeye asikie.